MAONI – Fizi: Kiatu cha mpira kifuate mguu wa mtoto, si maneno ya muuzaji

Jioni kwenye viwanja vya Baraka utaona kijana amevaa viatu vya mpira vilivyomzidi, amevishindilia matambara mbele. Mzazi wake amekimbia vita, ameacha shamba, na sokoni ameambiwa: «Chukua, atakua tu.» Mimi nasema hapana. Mguu unaoteleza ndani ya kiatu hupata malengelenge, na kifundo huteguka upesi.

Wazazi, kwa mtoto anayeanza, raba nyepesi ya meno mafupi na mengi inatosha. Meno marefu ya chuma ni ya mchezaji aliyezoea, tena kwenye tope. Wakati wa kiangazi uwanja wetu ni mgumu: meno hayo hayaingii ardhini, na uzito wote unaangukia kifundo na goti.

Mpimeni jioni, akiwa na soksi. Mbele ya kidole kikubwa ibaki nafasi ndogo, isizidi upana wa kidole. Kisigino kisipande anapotembea.

Makocha nao wasikie. Sheria ya 4 ya mpira inadai viatu kwenye mechi na inakataza chochote cha kuumiza wengine. Lakini mazoezi si mechi. Mtoto aliyehama kwao asirudishwe kwa kuwa yuko pekupeku. Siku hiyo wote wavue, wacheze sawa.

Na kiatu kikishakuwa kidogo, msikitupe. Mpeni mtoto wa jirani aliyekimbilia kwenu. Uwanjani ndipo anapopata marafiki wa kwanza.