Je, wajua? Na kwenu je?

Nilipotea kidogo, testi tatu ndani ya wiki moja, mnaelewa wenyewe. Leo nina jambo linaniwasha.

Pale kwenye vimbweta, baada ya msosi wa usiku, tuna mchezo wetu wa "Je, wajua?" Mtu anatoa jambo la ajabu, wengine wakiwa hawalijui wanamnunulia soda. Pweza ana mioyo mitatu. Twiga, pamoja na urefu wote ule, ana mifupa saba tu ya shingo, sawasawa na wewe. Vita ya Mwingereza na Zanzibar ya tarehe 27 Agosti 1896 haikumaliza hata saa nzima. Mimi ni bingwa wa mchezo huo, nimekunywa soda nyingi sana za bure.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Isongole. Na kabla hujauliza: siyo Isongole ya Rungwe, ni ile ya Ileje, mkoa wa Songwe, mpakani na Malawi. Ndiyo, zipo mbili. Kukwepa maelezo hayo, tangu mwaka wa kwanza nimekuwa nikijibu tu "natoka Mbeya". Mkoa wetu ulishamegwa kutoka Mbeya tangu 2016, lakini nani atauliza?

Basi, nikawa nafundisha tuisheni watoto wa kidato cha pili. Siku moja hesabu zikawachosha, nikawaletea mchezo wetu. Nikawamwagia lile la Ukuta wa China, kwamba ukiwa mwezini unauona kwa macho. Binti mmoja akanyoosha mkono. "Kaka, nani alienda akaangalia?"

Nikacheka, nikasema wanasayansi. Akauliza tena, "Na hapa kwetu hakuna cha ajabu?"

Jamani, bingwa mzima nilikosa la kusema. Nikamwambia tutaendelea kesho.

Usiku nikaingia kusoma kwenye simu. Kwanza, la Ukuta wa China ni uongo. Kutoka mwezini huwezi kuuona kwa macho. Nimelirudia hilo miaka mingapi? Pili, nikaanza kutafuta ya kwetu, na hapo ndipo nilipopata aibu kabisa.

Tuanze na jepesi. Ukitoka Isongole saa tatu asubuhi, ukavuka mpaka kwenda Chitipa, unakuta huko ni saa mbili. Malawi wako nyuma yetu kwa saa moja. Sisi tumekua tukivuka kwenda kwa ndugu zetu, maana Walambya wapo pande zote mbili, na hatujawahi kuona kuwa hilo ni jambo la kumsimulia mtu.

Kuna Kimondo cha Mbozi. Chuma kutoka angani, urefu zaidi ya mita tatu, uzito wa tani kadhaa, kimo kati ya vimondo vikubwa zaidi vinavyojulikana duniani. Vitabu vinasema "kiligunduliwa" mwaka 1930. Lakini wenyeji walikuwa wanakijua, ila tu hawakumwandikia mtu barua. Kibao cha kwenda huko nimekipita kwenye basi kila nikija chuo na kila nikirudi. Sijawahi kushuka hata siku moja.

Kuna dinosaria mwenye jina la kwetu. Mwaka 2017 wanasayansi walimtangaza Shingopana songwensis, mla majani mwenye shingo ndefu, aliyeishi miaka zaidi ya milioni 70 iliyopita, mabaki yake yamechimbwa Songwe. Jina ni Kiswahili kitupu, shingo pana! Na mwaka 2010 walitangaza jamaa mwingine kutoka bonde la Rukwa, Pakasuchus kapilimai, ndugu wa mamba mwenye ukubwa wa paka. Jina lake la pili ni la kumuenzi hayati Profesa Saidi Kapilima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Na kuna Vita Kuu ya Kwanza. Ulaya walisimamisha mapigano tarehe 11 Novemba 1918. Lakini mwanzoni mwa mwezi huohuo jeshi la Lettow-Vorbeck lilikuwa limepita kona hii yetu, kaskazini mwa Ziwa Nyasa, likaishambulia Fife, ng'ambo ya Tunduma. Lilikuja kukabidhi silaha tarehe 25 Novemba huko Abercorn, leo Mbala, Zambia. Yaani wiki mbili nzima baada ya vita kwisha! Na wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita ile, pande zote mbili, walikufa makumi kwa maelfu. Walikuwa babu za watu wa Afrika Mashariki hii hii, na wengi hawana hata kaburi lenye jina.

Najua mtaniambia, "Acha hizo bwana, mchezo ni mchezo tu." Sawa, pweza aendelee na mioyo yake mitatu, simchukii. Hoja yangu ni kwamba vitu tunavyovishangaa ndivyo tunavyovitunza na kuvisimulia. Kama yule binti atasikia maajabu ya China na mwezini tu, tena ya uongo, ataona kwao ni mahali pa kupanda basi na kuondoka. Kama nilivyofanya mimi, halafu nikawa naficha hata jina la pale nilipozaliwa.

Kesho yake nilirudi darasani, nikakiri kuwa lile la ukuta nilidanganywa na mimi nikawadanganya. Kisha nikawapa ya Mbozi, ya Shingopana na ya vita. Yule binti akaniuliza, "Kaka, kimondo wewe umekiona?" Nikamwambia bado. Aliniangalia tu.

Kwa hiyo napendekeza sheria mpya pale kwenye vimbweta. Kila mtu alete moja la kwao, lenye mahali na mwaka, na awe tayari kujibu swali la yule binti: nani alienda akaangalia? Atakayeshindwa, soda anatoa yeye.

Mimi bumu likitoka, likizo ijayo nashuka pale kwenye kibao. Na ukiniuliza natoka wapi, natoka Isongole. Ile ya Ileje.

Naomba kutoa hoja. Ngoja niwahi foleni ya ugali.