Mkituahidi Sekyuriti, Semeni Ni Ipi

Leo sina video. Hii maneno haiwezi kutosha kwa sekunde 60, kwa hivyo kaa mahali pa kivuli usome polepole.

Wiki jana nilikuwa nje ya ofisi moja ya umma hapa Lodwar, simu mkononi. Nilitaka kurekodi foleni ya akina mama waliokuwa wamekaa juani tangu asubuhi wakingoja kuhudumiwa. Soja wa geti akanijia. Hakunikaripia. Aliniambia tu, "Ndugu yangu, zima hiyo simu. Ni mambo ya sekyuriti."

Nikamuuliza, "Sekyuriti ya nani?"

Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, akacheka kidogo. "Hiyo hata mimi sijawahi kuambiwa."

Nilizima simu. Sikutaka yule mzee apoteze kazi kwa sababu yangu. Lakini swali nilirudi nalo nyumbani Kanamkemer, na limekataa kutoka.

Hili neno tumelipokea kutoka kwa Kiingereza na tunalitumia kila siku. Mlinzi wa geti tunamwita sekyuriti. Taa ya nje ni taa ya sekyuriti. Mwenye nyumba akitaka pesa za mbele kabla hujahamia, hiyo ni sekyuriti. Ukienda kukopa, unaulizwa sekyuriti. Watu wa mashirika wakija na magari yao meupe, wanaongea juu ya sekyuriti ya chakula. Mwanasiasa akipanda jukwaani, jambo la kwanza anaahidi ni sekyuriti, na sisi tunapiga makofi. Kwani tunapigia makofi ipi?

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, kwa hivyo msinichukulie kama profesa wa lugha. Lakini kaa na Kiswahili kidogo utaona kimefanya kazi ambayo Kiingereza kimekataa kufanya. Pale Kiingereza kina neno moja, Kiswahili kiko na angalau matano: ulinzi, dhamana, uhakika, hifadhi na usalama. Wacha nipitie moja moja, kwa sababu kila moja limegusa nyumba yetu.

Ulinzi ndio ule wa bunduki, geti na doria. Siudharau hata kidogo. Mtu yeyote aliyesafiri kutoka Lodwar kwenda Kitale anajua vile maongezi ndani ya gari huisha mkikaribia Kainuk. Watu wanaanza kuangalia vichaka. Mama anamvuta mtoto karibu. Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi kuungana na polisi katika kaunti sita za kaskazini mwa Bonde la Ufa, Turkana ikiwemo, kwenye operesheni waliyoiita Maliza Uhalifu. Watu walikuwa wameuawa barabarani, polisi pia. Sitakaa hapa Lodwar nikiwa na intaneti niwaambie watu wa Kainuk kwamba hawahitaji ulinzi. Wanauhitaji, na waliuhitaji kitambo.

Shida yangu ni kwamba mtu akisema sekyuriti huku kwetu, anamaanisha hii moja tu. Zile zingine nne zinabaki nje ya geti.

Chukua dhamana. Hii ndiyo iliyonitoa chuo. Karo ilipokwama, mamangu alienda kuomba mkopo mahali fulani, sitapataja. Alikuwa amevaa leso yake ya kanisani na amebeba vitambulisho vyote ndani ya karatasi ya nailoni. Swali la kwanza aliloulizwa: "Mama, uko na sekyuriti gani?" Akasema ako na mbuzi. Yule kijana wa mezani akatabasamu kwa heshima, akauliza kama kuna hatimiliki ya shamba au kitabu cha gari.

Sasa, hatimiliki tungetoa wapi? Sehemu kubwa ya ardhi ya Turkana ni ardhi ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema kwamba ardhi ya jamii ambayo haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya wananchi. Kwa hivyo unaweza kuwa umezaliwa hapo, babu yako amezikwa hapo, na bado huna karatasi ya kuweka mezani. Na hii ndiyo iliniuma zaidi nilipokuja kuisoma baadaye: tangu 2017 Kenya iko na sheria inayoruhusu mali inayohamishika kuwekwa kama dhamana, na mifugo imetajwa humo. Mbuzi wa mamangu walikuwa dhamana halali mbele ya sheria. Hakuna mtu alimwambia. Alirudi nyumbani na karatasi yake ya nailoni, akaniambia, "Tutajaribu muhula ujao." Muhula ujao haukufika.

Uhakika je? Watanzania wengi wakitaka kusema ile mnaita sekyuriti ya chakula, husema uhakika wa chakula. Mimi napenda hivyo, kwa sababu ukisema "usalama wa chakula" mtu anaweza kufikiri unaongea juu ya maziwa yaliyoharibika. Uhakika ni kujua kwamba kesho kuna kitu kwenye sufuria. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilikosa kufaulu huku kaskazini. Wazee wetu waliona mifugo ya miaka 30 ikilala chini wiki moja. Hakuna mwizi aliyeshika bunduki hapo. Hakuna geti lililovunjwa. Na bado mtu alipoteza kila kitu alichokuwa nacho.

Twende Kakuma, kilomita kama 120 kutoka hapa, kwa sababu huko ndiko hili neno limechanganya watu kabisa. Kambi ilianza 1992, na leo Kakuma na Kalobeyei pamoja zina karibu watu laki tatu. Niko na rafiki amezaliwa pale. Tunatengeneza video pamoja, yeye anahariri vizuri kuniliko. Mwaka wa 2016, na tena Machi 2021, serikali ilipotangaza kwamba inataka kambi zifungwe, sababu iliyotajwa ilikuwa usalama wa taifa. Yaani rafiki yangu, ambaye shida yake kubwa ni bando na betri, kwenye karatasi alikuwa hatari. Halafu 2025 pesa za wafadhili zilipokauka na mgao wa chakula ukakatwa, watu wa kambi waliandamana. Waliotumwa kuwajibu walikuwa polisi.

Soma hapo tena. Watu waliomba sekyuriti ya chakula wakaletewa sekyuriti ya bunduki. Kwa Kiingereza ni neno lile lile, kwa hivyo kwenye ripoti inaweza kuonekana kama ombi lao limejibiwa.

Na msidhani ni habari ya wakimbizi peke yao. Mama wa Kiturkana anayewauzia makaa na kuni alikosa wateja wiki hiyo hiyo mgao ulipopungua. Uhakika wa chakula wa kambi na wa kijiji umefungwa kwa kamba moja.

Ya nne ni hifadhi. Ile taasisi tunaita NSSF hapa, wenzetu Tanzania wanaitafsiri Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii. Hifadhi ni ile ya kukushika ukianguka: ukizeeka, ukiugua, kazi ikiisha. Kaka yangu mkubwa ni sekyuriti Nairobi. Analinda jumba la watu usiku kucha, saa 12, na rungu na tochi. Aliumia mguu kazini mwaka juzi. Alikaa nyumbani wiki tatu bila mshahara, na tulichanga sisi huku Lodwar kumtumia nauli ya hospitali. Alipouliza kuhusu makato yake, alikuta hakuna kilichokuwa kimepelekwa popote. Kwa hivyo sekyuriti hakuwa na sekyuriti. Nikimwambia hivyo kwa simu anacheka, lakini ni kile kicheko cha yule soja wa geti.

Nyanya yangu naye ako kwenye ule mpango wa pesa za kupambana na njaa ambao ulianzia kaunti za Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera. Ni shilingi 5,400 kila miezi miwili, zikifika. Ukimuuliza nini kinamfanya alale vizuri, hatataja polisi. Atakuambia kadi yake iko wapi, imefungwa na kitambaa gani, na nani anajua.

Na hapo ndipo tunafika kwa la tano, usalama wenyewe. Usalama si kitu unaweza kununua na kuweka getini. Ni hali inayobaki zile nne zikiwepo. Hata hilo neno la Kiingereza, ukilifuata mpaka kwa Kilatini lilikotoka, maana yake ilikuwa kukosa wasiwasi, moyo kutulia. Hakukuwa na bunduki ndani yake. Katiba yetu ya 2010 pia inajua hivyo: Kifungu cha 238 kinapoeleza usalama wa taifa, hakitaji mipaka peke yake. Kinataja watu, haki zao, mali yao, amani na ustawi. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ako na haki ya kutokaa njaa, na haki ya hifadhi ya jamii. Hiyo si sera ya chama. Ni Katiba.

Najua kuna msee tayari anaandika jibu: "Wacha porojo. Bila bunduki hayo mengine yatasimama wapi? Mwalimu hatafundisha risasi zikilia." Uko sawa. Mimi sijasema ulinzi utoke. Lakini hebu tuulizane kitu kama watu wa nyumba moja. Kijana anayeitwa usiku kwenda kuvamia mifugo ya jirani ni kijana gani? Yule ako na dhamana ya kuanzisha biashara? Yule ako na uhakika wa sufuria ya kesho? Ukiweka askari mmoja kwa kila kichaka cha mathenge kati ya Kainuk na Lokichar, na huyo kijana bado hana kitu, utalinda barabara kwa mwaka huo, na mwaka ujao utaanza upya. Tumefanya operesheni na za kutosha tangu wazee wetu wakiwa vijana. Majina hubadilika.

2027 haiko mbali. Magari ya kampeni yatakuja na spika kubwa, na kila mmoja atasema atatuletea sekyuriti. Naomba tufanye kitu kidogo tu. Usipige makofi mara moja. Inua mkono, uliza: ipi? Akisema ulinzi, sawa, aseme wangapi na wapi. Kisha aulizwe ya dhamana: usajili wa ardhi ya jamii umefika wapi, na nani atawaeleza mama zetu sheria ya 2017? Aulizwe ya uhakika: ukame ujao tutaukuta na maji na nyasi au na hotuba? Aulizwe ya hifadhi: vijana wetu wanaolinda Nairobi, makato yao yanaenda wapi?

Akishindwa kujibu, basi hata yeye, kama yule mzee wa geti, hajawahi kuambiwa. Tofauti ni kwamba mzee wa geti alikubali.

Kesho nitarudi pale ofisini. Sitabeba simu. Nitambebea yule mzee chai, halafu nikae kwenye foleni na wale akina mama niwaulize kila mmoja nini kingemfanya alale vizuri usiku. Nikipata majibu, nitayaleta hapa. Wewe wa Lokichar, wa Kalobeyei, wa Lokichoggio, niambie lako: ukisema sekyuriti, unamaanisha ipi kati ya hizo tano?