Tuunde milango yetu wenyewe

Hivi majuzi nilikuwa nikisahihisha michoro ya wanafunzi wa chuo kimoja humu nchini. Kazi niliyowapa ilikuwa kuchora, kwa tarakilishi, nyumba ya kale ya Lamu, mji ulioingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za ulimwengu mwaka wa 2001. Katika mchoro mmoja, kuta zilikuwa nene ipasavyo na ua ulikuwa mahali pake. Lakini lo! Mlango wa mbele ulikuwa wa bawa moja, una kioo na tundu la kutilia barua. Nilipomwuliza mwenyewe sababu, alijibu kwa unyenyekevu, "Mwalimu, ndio uliokuwamo kwenye programu."

Jibu hilo limeninyima usingizi. Programu kama Revit, iliyoanza kuuzwa mwaka wa 2000, huja na ghala ya milango, madirisha na samani zilizokwisha kuundwa. Aghalabu vitu hivyo hufuata desturi za ujenzi za Ulaya na Marekani. Mlango wa mabawa mawili, wenye mfaa katikati na nakshi kizingitini, usitarajie kuukuta humo. Asiyejua kuunda kijenzi chake mwenyewe hulazimika kuchagua cha mwingine, na fundi naye hujenga alichochorewa. Hivyo ndivyo mji unavyoweza kupotea pasipo nyumba kubomolewa.

Wapo watakaosema kwamba kuunda vijenzi ni kazi ya kuchosha, na muhula ni mfupi. Sina budi kukiri kwamba mimi mwenyewe niliwahi kukesha na dirisha moja ambalo, kila nilipobadilisha upana wake, lilisambaratika. Kosa lilikuwa langu. Nilianza na mapambo kabla ya mifupa.

Njia nyepesi ipo. Kwanza, mwanafunzi achore mistari ya kuongozea tu: kushoto, kulia, katikati na juu. Pili, avifunge vipimo kwenye mistari hiyo na kuvipa majina yanayoeleweka, kama vile upana, kimo na unene. Tatu, vipimo vitegemeane kwa hesabu. Mathalani, upana wa bawa uwe nusu ya nafasi ya mlango. Ndiposa Revit hukiita kijenzi cha namna hii familia: umbo moja huzaa saizi nyingi, nawe hubadilishi ila tarakimu. Nne, ajaribu kukipanua na kukifinya kungali mapema, kabla ya kuongeza chochote. Kisichovunjika hapo ndicho kinachostahili kuvishwa mbao. Nakshi ije mwisho, katika faili yake ya pekee, wala si lazima kila ua lichongwe, kwani faili nzito huilemea mashine.

Asiyemudu programu za kulipia asikate tamaa. FreeCAD hutolewa bure, nayo huruhusu vipimo kufungwa na kutegemeana vivyo hivyo.

Kwa walimu wenzangu nina ombi moja. Tusiwafunze vijana kuokota vijenzi ghalani pekee. Tuwatuze alama kwa kuviunda. Kila darasa linalohitimu liache kijenzi kimoja kilichojaribiwa: mwaka huu mlango wa Lamu, mwakani paa la makuti, mwaka wa tatu ukuta wa mawe ya kuchonga. Haba na haba hujaza kibaba. Baada ya miaka michache, mwanafunzi mgeni atafungua ghala ya chuo chake na kukuta humo nyumba anazozijua.

Sina ugomvi na programu za kigeni. Ni vyombo, na chombo hufuata mkono wa mwenye kukishika. Ila wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri makalio. Mlango wa kuazima, nauliza, utaisitiri nyumba?