KONA YA FUNDI: Fimbo ya biyari inayokataa kufunga

Mwezi huu naacha viti na milango, maana nimeletewa kazi ya biyari. Najua kuna wazee watakaonuna. Lakini kijana mwenye meza ile analisha wadogo zake 3 kwa meza hiyohiyo, na fimbo ikifa wateja wanahama.

Fimbo yake ni ya vipande 2. Kitako, yaani pale pa kushikia, alikinunua Muyinga. Kipande chembamba cha mbele alikipata Gitega, kwa mtu aliyemwambia "zote ni sawa". Akarudi kupitia Karuzi anafurahi. Kufunga tu, mizunguko 2, ikakwama. Akashika koleo. Mama yake ndiye aliyemzuia: "Weye, peleka kwanza kwa fundi!"

Jamani, skurubu za fimbo si sawa. Nyingi zina unene wa inchi 5/16, karibu milimita 8. Lakini kuna zenye nyuzi 14 kwa kila inchi, na kuna zenye nyuzi 18. Kwa macho ni mapacha, ila haziingiliani. Zipo pia nene zaidi, za inchi 3/8, zenye nyuzi 10 au 11. Weka rula, hesabu nyuzi ndani ya milimita 13, ambayo ni karibu nusu inchi. Ukipata 7, ni ya 14. Ukipata 9, ni ya 18. Wala bolti ya kawaida ya milimita 8 isikudanganye, nyuzi zake zimebanana zaidi.

Kitako cha kijana kilikuwa cha 18, kipande cha mbele cha 14. Angelazimisha kwa koleo, bushi ya shaba iliyo ndani ingeng'oka na mti ungepasuka. Hapo hakuna dawa ya bei rahisi. Kubadili skurubu kunataka mashine ya kuchonga, mimi sina. Nilimtuma Muyinga na kipande cha mbele mkononi, afunge na kufungua kabla ya kulipa. Akabadilishiwa kitako, akaongeza pesa kidogo.

Kama nyuzi ni zilezile lakini inafunga kwa shida, mara nyingi ni uchafu na chaki. Piga mswaki mkavu, pakaa mshumaa kwenye skurubu, funga na kufungua polepole. Mafuta hapana, mti unayanywa. Skurubu ikicheza kwenye kitako, itoe, safisha tundu, rudisha na gundi ile ya kuchanganya mirija 2, ulale nayo hadi kesho. Mwanga ukionekana kwenye kiungo, futa vumbi, usipige msasa kwa mkono: utaulaza upande, na fimbo itapinda daima.

Fimbo zilizolegea leteni Jumamosi asubuhi. Zilizokwisha kupigwa koleo pia leteni, tutazitazama.