Barafu ya Mbali na Ziwa Letu



Kila tufundishwapo habari za ncha za dunia, hakosi mwenzetu wa kunong'ona nyuma ya darasa, "Barafu yatuhusu nini sisi watu wa Bujumbura?" Wengine hucheka. Nami nilicheka zamani. Leo naona swali lile lastahili jibu.

Katika bahari ya Kaskazini, hewa iwapo baridi mno na maji ndiyo kwanza yanaganda, juu ya barafu changa huota vijimaua vya fuwele, vyeupe kama pamba, vyenye chumvi kupita bahari yenyewe. Tena, jua lirudipo baada ya usiku mrefu wa kipupwe, bromini itokayo katika chumvi ya bahari huila ozoni iliyo karibu na ardhi, hata pengine huisha karibu yote kwa siku chache. Baadhi ya wataalamu walidhani kuwa maua yale ndiyo chanzo kikubwa cha bromini hiyo. Ilikuwa dhana ya kupendeza. Lakini wengine walikwenda Alaska kupima, na matokeo yaliyotangazwa mwaka 2013 yakaonyesha kuwa theluji ya juu juu ndiyo iliyoitoa. Hakuna aliyeshinda kwa maneno. Kipimo ndicho kilichoamua.

Wala jambo hili si la huko tu. Mwaka 1912 ilichorwa ramani ya barafu ya Kilimanjaro, nayo ilifunika kilomita za mraba 12 hivi. Ilipopimwa tena mwaka 2000, zilisalia 2.6 hivi. Kama asingalikuwako mtu wa kuchora ramani ile ya kwanza, leo tungekuwa na ubishi tu, huyu akisema barafu ilikuwa kubwa, yule akisema haikupungua.

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1913 watu walipima joto la maji ya Ziwa Tanganyika, wakaliandika. Miaka 90 baadaye, mwaka 2003, wataalamu walitangaza kuwa wameilinganisha hesabu ile na yao, wakakuta ziwa limezidi joto. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, hayachanganyiki kwa urahisi na yale mazito ya chini. Basi rutuba iliyo chini haipandi, vijimea hupungua, na ndagala hukosa chakula. Wapo wasemao sivyo, kosa ni la nyavu zilizo nyingi mno. Huenda pande zote mbili zina kweli. Lakini mvuvi arudiye alfajiri na mtumbwi mtupu, na mama anayelia bei ya ndagala sokoni, wanastahili jibu lililo bora kuliko kelele zetu.

Kwa hiyo natoa shauri. Shule yetu na iwe na kipimajoto kimoja, kopo moja la kupimia mvua, na daftari moja. Kila siku, saa ile ile, mwanafunzi wa zamu aandike joto na mvua. Na kila Jumamosi wawili waende ufukoni kupima joto la maji, mahali pale pale. Najua kuwa hesabu za ufukoni haziwezi kueleza habari za kilindi. Hata hivyo ni mwanzo, na gharama yake ni ndogo kuliko mpira mmoja wa miguu.

Ninyi mliomaliza shule, tusaidieni vyombo hivyo. Nanyi wenzangu, msiandike uongo siku mtakayosahau. Acheni nafasi tupu, maana namba ya kubuni ni mbaya kuliko kukosa namba.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ziwa ni mali yetu. Aliyeandika mwaka 1913 hakujua ni nani atakayemsoma. Nasi tuwaandikie wasiozaliwa bado.