Mcheza kwao hutunzwa: siye tulimtunza nani?

Kila mara tunapokusanyika kuongea mambo ya desturi, kuna wenzetu wanaosimama na kusema: gitare la umeme halimo, roki na fanki havimo, desturi ni ngoma na inanga, basi. Siye tunakataa. Na tunatoa mfano wa kikundi cha Kinshasa, Staff Benda Bilili, zaidi sana albamu yake ya pili, kwani hapo kosa letu linaonekana wazi.

Wengi mnaijua habari yao. Ricky Likabu, Coco Ngambali na wenzao walilemazwa na polio wakiwa watoto. Walitembelea vigari vya matairi matatu, na walifanyia mazoezi kwenye bustani ya wanyama ya Kinshasa. Pamoja nao alikuwa kijana Roger Landu na satonge yake: waya mmoja, kijiti kilichopindwa, na mkebe. Albamu ya kwanza, Très Très Fort, ilitoka 2009 kwa kampuni ya Ubelgiji, Crammed Discs. Sehemu kubwa ilirekodiwa inje, palepale bustanini. Mwaka wa 2010 filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes, na milango ya Ulaya ikafunguka.

Mwaka wa 2012 ikatoka ya pili, Bouger le Monde, kwa kampuni ileile. Albamu ya kwanza ilikuwa na hadithi ya kuisaidia: vilema, vigari, bustani. Hii ya pili iliomba kitu kimoja tu, watu wasikie muziki. Gitare zilikaza, rumba na fanki vikagongana. Lakini mwaka wa 2013 kikundi kikapasuka. Coco na Théo Nzonza wakaondoka, na mwaka wa 2015 tukawasikia ndani ya Mbongwana Star, na albamu From Kinshasa. Ricky akabaki na jina la zamani.

Hapo utasikia watu: "Si mnaona? Feza iliwaharibu. Wakongomani hatujui kukaa pamoja." Maneno ya bure hayo! Zaiko Langa Langa, iliyozaliwa 1969, ilipasuka 1974, ikapasuka tena 1988, na kila tawi likaota mizizi. Juu ya nini? Juu watu wa nyumbani waliwacheza ku nganda, wakanunua sahani zao, wakabishana usiku kucha nani anaimba vizuri kupita mwingine. Ugomvi hauui kikundi chenye wenyewe. Benda Bilili mkataba wao ulikuwa Ulaya, filamu Ulaya, safari za muziki Ulaya. Walipogombana, nyumbani kulikuwa na nini cha kuwashika? Sheria ya haki za watunzi tunayo tangu tarehe 5 Aprili 1986. Muulizeni mpiga gitare yeyote wa muji wetu imemlisha siku ngapi.

Turudi kwa satonge, maana wenzetu wanaiita mchezo wa watoto wa barabarani. Wazee wa huku wanaijua umuduri: upinde, uzi mmoja, kibuyu. Weka mkebe pahali pa kibuyu, weka waya pahali pa uzi, umefika Kinshasa. Kama ya kwanza ni desturi, ya pili inakosa nini? Uzee tu. Na uzee unakuja wenyewe, mradi mtu asitupe kitu kikiwa kingali kichanga.

Tena Goma tumekwisha kukubali jambo hilo bila kujua. Chukudu haikuachwa na mababu wa kale. Ni mbao, misumari na kichwa cha mtu mwenye njaa. Leo ina sanamu yake katikati ya muji, inang'aa rangi ya zahabu, na hakuna anayeuliza kama ni desturi.

Hapa Munigi, mwaka wa 2002, moto wa Nyiragongo ulitoka kwenye nyufa za kijiji chetu ukashuka mpaka muji. Mwaka wa 2021 ukarudi. Kati ya moto na vita, watoto wetu wanaokota bidoni na waya juu ya mawe meusi, wanajitengenezea gitare. Siye tunapita, tunacheka, halafu tunaandika makala juu ya ngoma za mababu. Akija mzungu na kamera, ndipo tutasema: "Huyo ni mtoto wetu!"

Basi tunaomba shirika letu lifanye mambo matatu. Liandike majina ya vyombo hivi na namna vinavyotengenezwa. Lirekodi wanaovipiga, na kila rekodi iwe na karatasi iliyosainiwa, nakala moja ibaki kwa mpigaji. Na kwenye sikukuu zetu mpigaji alipwe, hata kama ni kidogo, asiambiwe tena kwamba soda inatosha. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Hawakusema atunzwe na wageni.