Nyumba ya kuuzisha: franga ya rangi inarudi ao hairudi?

Ndugu wafanyakazi, ba mama na ba papa wa kambi, ukitembea leo katika kartié zetu za Kolwezi unasoma maandishi ya namna mbili ukutani. Ya kwanza tunaizoea: « Parcelle non à vendre ». Mwenyewe anaiandika na rangi nyekundu ili mwizi asiuzishe nyumba yake wakati yeye iko kazini. Ya pili ni ile ninaona inaongezeka kwetu: « Maison à vendre », na namba ya telefone chini. Na mara mingi, pembeni ya ile bango kuko ndoo ya rangi, fundi juu ya ngazi, na baba wa nyumba anasimama chini anahesabu franga yenye alikopa.

Ni huyu baba ninataka kusema naye leo.

Sababu ya kuuzisha tunaijua. Tarehe 22 mwezi wa pili 2025 serikali ilisimamisha kutosha kobalti inje ya inchi. Tangu tarehe 16 mwezi wa kumi 2025, kobalti inatoka kwa kipimo: tani 18.125 kwa mwisho wa ule mwaka, na tani 96.600 kwa mwaka 2026, vilevile kwa 2027. Serikali inataka bei ipande, kwa sababu kobalti ilijaa kwenye soko la dunia. Mimi sipingi hiyo. Lakini kampuni ikipunguza mwendo, wa kwanza kuambiwa « rudi nyumbani, tutakuita » ni mutu wa kampuni ndogo, mwenye mukataba wa miezi tatu. Anarudi nyumbani, anangoja simu, simu hailii. Masomo ya watoto inaanza. Kitu kikubwa chenye anacho ni ile nyumba.

Basi komisioneri anakuja, anazunguka parseli, anasema: « Papa, mukipaka rangi, mukiweka plafo mupya na karo, bei itapanda mara mbili. » Ni kweli? Mbele ya kujibu, tuulize kwanza nani ananunua.

Wanunuzi ni watatu

Mununuzi wa kwanza ni familia yenye kutafuta fasi ya kulala. Huyu anaangalia malata, anafungua robine, anaingia chooni, anauliza mama jirani kama maji inaingia wakati wa mvua. Kwake, nyumba safi iko na bei.

Wa pili ni mufanya biashara anayetaka parseli yako kwa sababu iko karibu na barabara. Atabomoa, atajenga depo ao nyumba ya étage. Karo zako zitaenda pamoja na matafari. Huyu hawezi kukulipa hata franga moja ya rangi.

Wa tatu tunamujua hapa Kolwezi kuliko fasi ingine. Tangu 2014, wakati mutu mumoja wa Kasulo alichimba katika parseli yake na akapata kobalti, kuko watu wanaonunua nyumba kwa ajili ya udongo wa chini. Huyu haangalii ukuta hata kidogo. Tusisahau: kufuata kanuni ya mines ya 2002, iliyobadilishwa 2018, mali ya chini ya udongo ni ya serikali. Karatasi ya parseli haikupe haki ya kuuzisha mawe. Na ukimuuzishia yeye, mashimo yake haitasimama kwenye mupaka wa parseli yako. Itaenda chini ya kitanda cha jirani yako, mutu wenye mulifanya naye kazi miaka kumi.

Kwa hiyo, mbele ya kununua ndoo ya rangi, jua ni nani kati ya hawa watatu anabisha mulango. Kama ni wa pili, usitumie kitu. Kama ni wa tatu, sema na majirani kwanza. Kama ni familia, hapo tunaweza kuhesabu.

Kile kilitupata sisi

Nitasema ya kwangu. Baba yangu alipewa nyumba wakati alitoka kazini. Alipokufa, sisi watoto tulikubaliana kuuzisha. Nyuma, kwenye chumba cha watoto, kulikuwa ufa tangu juu ya dirisha mpaka chini. Mukubwa wetu akasema: « Tufunike. » Tuliweka simenti, tukapaka rangi mara mbili, tukafurahi.

Mununuzi alikuja na ufunguo wa motokari mukononi. Alitembea kimya, akafika kwenye ule ukuta, akakwaruza kidogo. Simenti ikaanguka. Hakukasirika. Aliuliza tu: « Na huku kwingine mulificha nini? » Tulikuwa hatukuficha kitu kingine, lakini nani angetuamini? Alipunguza bei kuliko franga ya kutengeneza ule ufa mara kumi, na sisi tulikubali kwa sababu tulisikia haya. Kama tungemuonyesha ufa sisi wenyewe, angepunguza kidogo tu.

Fasi ya kuweka franga

Kwa ile tumeona, kazi zenye kurudisha franga ni zile ndogo, zenye mununuzi anagusa na mukono ao anasikia na pua.

Kwanza ni malata. Lata moja yenye kutoboka inafanya alama ya maji kwenye plafo, na ile alama ndiyo mununuzi anakumbuka akirudi kwake. Badilisha lata, kisha upake ile fasi ya plafo. Ukipaka plafo bila kutengeneza juu, mvua ya kwanza itakutosha haya. Lakini kama nyumba yako iko na Eternit ya zamani, usiikwaruze, usiikate, usiivunje: ndani kuko amianti, na vumbi yake inaharibu mapafu. Iache ilivyo, na useme wazi kwa mununuzi.

Pili ni maji. Robine yenye kudondoka, choo chenye kunuka, maji yenye kusimama mu lupango. Kufuli na bawaba za mulango pia. Ni franga kidogo, ni kazi ya siku mbili.

Tatu ni chokaa. Hatuhitaji rangi ya bei kali. Chokaa ya Kakontwe, karibu na Likasi, iko inatosha kwa ukuta wa inje na wa lupango, na inaacha ukuta upumue. Fanya ile kazi wakati wa kiangazi, kati ya mwezi wa tano na wa tisa. Ukuta wenye unyevu, hasa chini karibu na udongo, ukipakwa rangi ya mafuta, rangi itainuka kama ngozi yenye kuungua.

Nne, fagia, kata majani, tosha vyuma vya zamani. Hiyo ni bure.

Plafo mupya, karo za saluni, madirisha ya aluminiumu: acha. Mununuzi atapenda rangi yake na karo zake. Unaweka furaha yako katika nyumba ya mutu mwingine.

Na ufa?

Ufa ni neno lingine, hasa kwa wenye kuishi karibu na machimbo ambako baruti inapasuka. Usiufunike. Chukua plasta, uweke kidogo kukata ufa, kama kidole kati ya upande mbili, na uandike tarehe juu yake. Ngoja mwezi moja ao miwili. Plasta ikivunjika, ukuta ungali unatembea. Ikibaki nzima, ufa umetulia, na fundi anaweza kuufunga. Piga picha, na shefu wa kartié atie sahihi.

Kuko faida mbili. Moja: kanuni ya mines inasema mwenye kuchimba atengeneze hasara ya kazi yake, hata kama kazi ile ilikuwa na ruhusa. Ukifunika ufa ili uuzishe, umefunika ushahidi wako na wa jirani yako. Ingine: sheria ya mapatano ya tarehe 30 mwezi wa saba 1888, ambayo tungali tunaitumia, inalinda mununuzi akikuta ubaya wenye kufichwa. Anaweza kurudisha nyumba na kudai franga yake, wakati wewe umeshaitumia. Basi andikeni ndani ya mapatano: ufa uko, mununuzi ameuona, na kama malipo ya hasara itakuja kisha, itaenda kwa nani.

Hesabu ya mukopo

Tuseme mutu anakutolea dolari 10.000 kwa nyumba ilivyo. Komisioneri anakusukuma, unaenda kwa Banque Lambert ya kartié, unakopa dolari 1.000 kwa faida ya 30 kwa mia kila mwezi. Nyumba inakaa miezi tano bila kuuzishwa. Faida ni 1.500, na deni yote ni 2.500. Hata ukiuzisha 11.500, na kila mutu anasema « hongera », unabaki na 9.000. Umepaka rangi, umeteseka miezi tano, na umepoteza 1.000.

Lakini mutu mwenye kutumia dolari 150 za mufuko wake kwa lata, robine na chokaa, hata bei isipopanda, ameuzisha mbio na hana deni ya mutu.

Karatasi ni ukuta wa kwanza

Nimeacha hii kwa mwisho kwa sababu ndiyo tunasahau sana. Kufuata sheria ya ardhi ya 1973, ardhi ni ya serikali, na haki yako juu yake inasimama kwa ile karatasi yenye kuandikwa « certificat d'enregistrement ». Wengi wetu tuko na barua ya kampuni ao fishi ya parseli tu. Mununuzi mwenye akili analipa zaidi kwa karatasi safi kuliko kwa karo safi. Kama uko na franga kidogo ya kutengeneza nyumba, anza kwa ofisi ya konservateri, si kwa duka la rangi. Na bibi yako akubali, atie sahihi: sheria ya familia inaomba bwana na bibi wote wawili.

Ndugu, kwa wengi wetu pensheni haitoshi, na nyumba ndiyo pensheni ya kweli. Mbele ya kukopa, chukua karatasi zako, uzilete kwa delege wa sendika kazini kwako, pamoja na bei yenye walikutolea. Tukae tuhesabu. Kuhesabu pamoja hakuombi franga, na pengine tutaona hakuna lazima ya kuuzisha.